Waranti ya Nyongeza kwa Gari la Kifahari Lililotumika: Hatari Inabebwa na Nani?

Shemeji yangu anayeishi Dallas alinunua Range Rover iliyokwisha kutumika miaka mitano. Walipokubaliana bei, alipelekwa kwenye chumba kidogo cha ofisa wa mikopo na kuwekewa mbele karatasi ya pili: akiongeza dola 4,500, gari lingekuwa na waranti ya nyongeza ya miaka minne. Alinipigia simu kutoka humo ndani, kwa sauti ya chini, akitaka kujua asaini au aache. Nilimwambia asaini, na alisaini. Yaliyofuata yamenilazimisha kulifikiria upya jibu langu, kwa sababu swali hilo linawakuta wengi wetu tunaoishi Marekani, ambako gari la Ulaya tulilokuwa tukiliangalia kwa mbali huja kupatikana kwa bei ya kawaida likishatumika.

Hoja ya kununua waranti ina nguvu kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Bei ya gari la kifahari hushuka haraka, lakini bei ya spea zake haishuki pamoja nayo. Anayelipa dola 40,000 kwa gari lililouzwa dola 95,000 likiwa jipya amepunguziwa bei ya kununua tu. Giaboksi, taa, kompyuta na saa za kazi ya fundi bado ni za gari la dola 95,000. BMW, Mercedes-Benz na Land Rover, mtengenezaji wa Range Rover, kwa kawaida hutoa nchini humo waranti ya kiwandani ya miaka 4 au maili 50,000, lolote litakalotangulia, na magari mengi huingia soko la mitumba karibu na mpaka huo, yaani pale ambapo mtengenezaji anajiondoa na mnunuzi wa pili anabaki peke yake.

Wala si kweli kwamba anayelitunza gari vizuri hana cha kuogopa. Mwishoni mwa mwaka 2014 BMW ilianzisha Marekani mpango maalumu kwa magari yenye injini ya silinda nane inayoitwa N63, ambamo mafundi wake walikagua minyororo ya injini, wakabadilisha nozeli za mafuta na vipuri vingine, na muda wa kubadilisha oili ukafupishwa. Mwenye gari lile aliyefuata kitabu cha huduma ukurasa kwa ukurasa hakuwa na kosa lolote, kwa kuwa udhaifu ulitoka kiwandani. Hatari ya namna hiyo ndiyo hasa bima ilibuniwa kuibeba.

Upande wa pili unaanza na hesabu. Ndani ya zile dola 4,500 mna kamisheni ya muuzaji, gharama za kampuni inayosimamia madai, na faida, na kinachobaki ndicho kinacholipia matengenezo. Kwa hiyo wanunuzi wote wakijumlishwa pamoja hupokea kidogo kuliko walichotoa. Isingekuwa hivyo, biashara isingesimama. Uchunguzi wa Consumer Reports, jarida la Marekani linalopima bidhaa kwa niaba ya wateja, uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 55 ya waliohojiwa hawakuwahi kuitumia waranti waliyoinunua kulipia tengenezo hata moja. Takwimu hiyo hunukuliwa mara nyingi kana kwamba imemaliza mjadala, nami sikubaliani na matumizi hayo, kwa kuwa uchunguzi uliwahusu wenye magari ya kila aina. Mwenye Toyota ya kawaida na mwenye Range Rover yenye maili 60,000 hawabebi hatari moja, hata kama wamesaini karatasi zinazofanana.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi waziwazi. Kwa sheria ya Marekani, kinachouzwa katika chumba kile kwa kawaida si waranti. Waranti ni ahadi inayokuja na bidhaa ndani ya bei yake. Hiki kinachonunuliwa kando huitwa mkataba wa huduma, na thamani yake haizidi uwezo na uaminifu wa aliyeutoa. Anaweza kuwa mtengenezaji wa gari, anaweza kuwa muuzaji mwenyewe, na anaweza kuwa kampuni ya tatu ambayo mnunuzi hajawahi kuisikia. Historia ya kundi hili la tatu inatisha. US Fidelis ya Missouri, iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mikataba hii, iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi mwaka 2010, na baadaye wamiliki wake walikiri makosa ya jinai mahakamani. Mwaka 2024 CarShield, pamoja na kampuni inayosimamia mikataba yake, ilikubali kulipa dola milioni 10 katika shauri la tume ya biashara ya shirikisho, FTC, lililohusu matangazo yaliyowapotosha wateja. Simu za mashine zinazodai kwamba waranti ya gari lako inakaribia kwisha ni suala jingine kabisa, nalo halihitaji uchambuzi: usizijibu.

Hata kampuni inapokuwa imara, vita halisi iko kwenye maneno. Miezi kumi na minne baada ya kununua, shemeji alitoka nje asubuhi akakuta gari limelala pembe moja ya mbele, kama ngamia anayeanza kupiga magoti. Gari la aina hiyo linabebwa na mifuko ya hewa mahali pa springi za chuma, na kompresa ndiyo inayoijaza. Fundi alilipandisha, akapaka maji ya sabuni kwenye mfuko, na mapovu madogo yakaanza kutoka kwenye mikunjo ya mpira. Mfuko ulikuwa ukivuja pole pole kwa wiki kadhaa, na kompresa, iliyolazimika kufanya kazi muda wote kufidia hewa iliyopotea, ilikuwa imeungua.

Kompresa ilitajwa kwenye mkataba kwa jina, kwa hiyo shemeji hakuwa na wasiwasi. Kampuni ilikataa kulipa. Mfuko wa mpira, walisema, umechakaa, na mkataba unalipia kilichoharibika, haulipii kilichochakaa. Na kompresa, ingawa imetajwa, imeharibiwa na kipuri kisichotajwa, jambo ambalo kifungu kingine kililiondoa. Alilipa dola 2,640 kutoka mfukoni. Nimekisoma kifungu kile mara tatu, na sina budi kukiri kwamba kampuni ilikuwa sahihi kwa herufi. Hapo ndipo nilipoelewa kosa la ushauri wangu: nilijibu kuhusu waranti kwa jumla bila kumtaka anisomee ile iliyokuwa mezani.

Kwa maoni yangu, basi, swali la kwanza ni aina ya orodha. Mkataba unaoorodhesha visivyolipiwa, na kulipia vingine vyote, ni bora mno kuliko unaoorodhesha vinavyolipiwa, kwa sababu gari la kisasa lina vipuri vingi kuliko orodha yoyote inavyoweza kutaja. Baada ya hapo inafaa kuuliza kuhusu uchakavu, kuhusu kiwango cha juu ambacho kampuni inalipa kwa saa ya fundi, na kuhusu nani anayelipa injini inapofunguliwa kwa uchunguzi halafu dai likakataliwa. Kampuni ikilipa dola 150 kwa saa na gereji ikatoza 220, kazi ya saa nane inamwachia mwenye gari dola 560, mbali na makato ya kawaida ya kila dai.

Namna ya kulipa nayo hubadilisha hukumu. Dola 4,500 zikiingizwa kwenye mkopo wa miezi 72 kwa riba ya asilimia 9, malipo ya mwezi huongezeka kwa takriban dola 81, na jumla hufikia karibu dola 5,840. Mkataba wenyewe ni wa miezi 48, maana yake kwa miaka miwili ya mwisho mtu analipia karatasi iliyokwisha kufa.

Sheria inatoa faida moja isiyojulikana sana. Chini ya sheria ya waranti ya shirikisho ya mwaka 1975, muuzaji anayeingia na mnunuzi mkataba wa huduma kwa jina lake mwenyewe ndani ya siku 90 za mauzo hawezi kuzikana dhamana ambazo sheria inazihesabu kuwepo hata zisipoandikwa. Akiwa wakala tu wa kampuni nyingine, ulinzi huo hauna uhakika.

Nikipima yote, mwenye akiba ya dola 8,000 au 10,000 iliyotengwa kwa ajili ya gari pekee afadhali abaki nayo, kwani akibahatika fedha ni zake. Asiye na akiba hiyo, na ambaye bila gari hafiki kazini, ana sababu ya haki ya kulipa zaidi ya wastani ili asipigwe pigo moja kubwa, mradi mkataba uwe wa mtengenezaji au wenye bima inayojulikana nyuma yake. Ila huyo ningemwomba kwanza atazame Lexus yenye umri uleule, gari la kifahari linalosifika kwa kutoharibika ovyo.

Shemeji bado ana Range Rover yake, na mkataba umebakiza miezi 26. Aliniuliza kama aufute arudishiwe sehemu iliyobaki, ambayo kwa masharti yake ingepunguza deni la benki bila kupitia mkononi mwake. Safari hii nilimtaka anitumie kurasa zote. Injini na giaboksi zimo bila masharti ya ajabu, naye hana fedha za kununua hata kimojawapo, kwa hiyo nilimshauri auache uendelee, huku akiweka dola 150 kila mwezi kwa ajili ya mifuko mitatu ya hewa ambayo bado haijabadilishwa.