Waliotangulia na jua: mafundi wa kwanza wa sola Kenya walifaulu au walishindwa?

Ukiwasikiliza wengi wakizungumzia sola ya majumbani Kenya, utadhani ilianza 2012, mwaka kampuni ya M-KOPA ilipoingia sokoni na malipo yake ya kidogo kidogo kwa simu. Waliotangulia miaka karibu 30 kabla ya hapo hutajwa kwa sentensi moja: walijaribu, walibaki wadogo, wakapitwa. Hukumu hiyo ina ukweli ndani yake, lakini naona imepima kazi ya watu kwa kipimo kisicho chake.

Mwaka 1984 Harold Burris, mhandisi Mmarekani aliyewahi kujitolea na Peace Corps, mpango wa Marekani wa kutuma watu wa kujitolea nje, alianzisha kikampuni katika eneo la Mlima Kenya akakiita Solar Shamba. Alilenga wakulima wa kahawa. Wakati huohuo Mark Hankins, kijana wa Peace Corps aliyekuwa akifundisha katika shule ya harambee ya Karamugi, alikuta shule inajiandaa kununua jenereta ya dizeli. Akaishawishi ijaribu sola, Burris akafunga. Baadaye zikapatikana fedha za USAID, shirika la misaada la Marekani, za kufunga katika shule nyingine, na hapo ndipo lilipofanyika jambo kubwa kuliko taa zenyewe: kazi ikageuzwa darasa, vijana wa hapohapo wakafundishwa ufundi. Walimu walioona darasa linawaka usiku wakataka na kwao kuwake. Serikali ilipoondoa ushuru wa paneli mwaka 1986, biashara ikashika kasi, na kufikia mwaka 2000 mifumo zaidi ya 100,000 ilikuwa imeuzwa, mingi mno kwa fedha za wananchi wenyewe.

Nilikulia nyumba ya aina hiyo. Mjomba wangu, mwalimu, alinunua betri kwanza. Ilikuwa betri ya gari, ikikaa juu ya kipande cha ubao chini ya meza ili isiguse sakafu, na ilipoisha chaji ilifungwa kwenye baiskeli ikapelekwa sokoni kuchajiwa. Ikafuata televisheni ndogo nyeusi na nyeupe. Paneli ilikuja mwaka uliofuata, baada ya malipo ya kahawa, na taa zikaja mwisho kabisa. Fundi aliyeifunga alikuwa akipita mara kwa mara: anafungua vifuniko, anachungulia, anaongeza maji ya betri, anakwangua unga mweupe kwenye vichwa vya nyaya. Alijua betri ya kila nyumba kama daktari anavyojua wagonjwa wake.

Sasa tuwasikilize wanaolaumu. Kwanza, walionunua walikuwa watu wenye mshahara au mavuno ya kuuza. Jirani wa kibarua aliendelea na koroboi. Pili, na hili ndilo zito zaidi, soko lile halikuwa na mlinzi. Paneli za bei nafuu za wati 10 hadi 14 ziliingia kwa wingi, na vipimo vya mwishoni mwa miaka ya 1990 vilionyesha kwamba baadhi zilitoa nguvu ndogo kuliko ilivyoandikwa, huku nyingine za bei ileile zikiwa nzuri. Mnunuzi angetofautishaje? Aliyeuziwa mbovu alipoteza akiba ya miaka. Waanzilishi hawakuzitengeneza paneli hizo, lakini biashara waliyoifungulia njia ilikwenda muda mrefu bila kanuni, na walioumia ni wateja wadogo.

Kampuni za baadaye zilitibu sehemu ya hayo. Mteja alilipa shilingi 40 au 50 kwa siku kwa mwaka mmoja, na hakuhitaji kuwa na mshahara. Hilo ni jema kubwa, na anayelidharau hajawahi kusomea chini ya moshi wa mafuta ya taa.

Ila tuulize ni nini kiliwezesha. M-Pesa, huduma ya kutuma na kulipa pesa kwa simu, ilianza 2007. Taa za LED, zinazokula umeme kidogo, zikafanya paneli ya wati 8 itoshe kazi ambayo zamani ilidai paneli kubwa zaidi. Bei ya paneli, iliyokuwa zaidi ya dola 5 kwa wati katika miaka ya 1980, ikaporomoka. Waanzilishi hawakuwa na hata kimoja cha vitu hivyo, na mitaji nayo iliwapita kando. Na mtaji mkubwa haukuwa kinga: Mobisol, kampuni ya sola ya Ujerumani iliyokuwa na wateja Tanzania, Rwanda na Kenya, iliishiwa fedha 2019 ikauzwa.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Mfumo wa mjomba uliweza kufunguliwa. Waya ukikatika, fundi wa sokoni aliunga. Kisanduku cha leo kimefungwa, huzimwa kutoka mbali malipo yakichelewa, na kikiharibika kinarudishwa dukani. Biashara hii inaajiri mawakala wengi wa mauzo, ambao ni ajira halali, lakini wakala hatoki hapo na ufundi wa kumlisha miaka 20.

Kanuni za serikali za 2012 kuhusu sola nazo zimeleta sura mpya. Fundi lazima awe na leseni, kuanzia T1 ya mifumo midogo hadi T3 ya mikubwa na iliyounganishwa na gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, na leseni inadai vyeti. Naziunga mkono kabisa, kwa sababu uzembe wa waya huunguza nyumba. Lakini fikiria mtu aliyeanza kufunga paneli 1990, aliyejifunza kwa kushika bisibisi pembeni mwa fundi mwingine. Siku kanuni zilipoanza kufanya kazi, kijana wa cheti cha juzi alikuwa halali, naye aliyefunga nusu ya tarafa akawa mtu wa kujificha.

Kwangu mimi, Burris na Hankins walifaulu, kwa kuwa kitu walichokiacha ni mikono inayojua kazi, na mikono hiyo ndiyo iliyobeba soko miaka yote ambayo wenye mitaji hawakuliamini. Deni lililobaki ni la mafundi wale. Kenya sasa ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Basi mtahini atoke ofisini, aende na fundi hadi kwenye nyumba aliyoifunga miaka 15 iliyopita, apande paa, apime volti, amuulize mwenye nyumba taa zinawaka au haziwaki, na ampe leseni yake papo hapo.