Ukoo wa Osman: kurudi ni haki, kasri ni hesabu nyingine

Septemba 2009, Msikiti wa Sultan Ahmed jijini Istanbul ulifurika watu waliokuja kumsalia mzee wa miaka 97 ambaye wengi wao hawakuwahi kumtia machoni. Ertuğrul Osman alikuwa mjukuu wa Sultan Abdülhamid II. Lau Milki ya Osmani ingekuwa hai, siku ile Uturuki ingekuwa inamzika sultani. Ikamzika raia aliyepewa pasipoti ya nchi yake mwaka 2004, baada ya miongo mingi ya kuishi New York katika nyumba ya kupanga. Mawaziri walihudhuria, na mwili ukalazwa Divanyolu, alikozikwa babu yake.

Wapo Waturuki walioyaona mazishi yale kuwa deni lililolipwa kwa kuchelewa. Wapo pia walioona serikali inautafutia mlango wa nyuma utawala ambao jamhuri iliufungia mlango wa mbele kwa makusudi kabisa. Nimefuatilia ubishi huu kwa muda, na naona kila upande una hoja za kweli, ila zote mbili hukoroga vitu viwili: haki ya mtu kurudi kwao, na madai juu ya vile walivyoviacha wazee wake.

Tuanze na sheria yenyewe. Tarehe 3 Machi 1924 Bunge la Ankara lilipitisha Sheria Namba 431. Ilifuta ukhalifa na kuwafukuza nchini watu wote wa ukoo wa Osman, zaidi ya 150, pamoja na wakwe wa kiume na watoto waliozaliwa na mabinti wa ukoo. Walivuliwa uraia, wakapewa hati ya kusafiria ya kutokea tu, na wakatakiwa kuuza walichokuwa nacho ndani ya mwaka mmoja. Kasri na vilivyomo vikawa mali ya taifa. Usiku uleule gavana na mkuu wa polisi wa Istanbul waliingia Kasri la Dolmabahçe wakamweleza khalifa Abdülmecid II kwamba kabla ya jua kuchomoza awe ameondoka. Hawakumpitisha Sirkeci, stesheni kuu ya jiji, wakihofia watu kukusanyika. Alipelekwa kwa gari hadi Çatalca, stesheni ndogo nje ya mji, akasubiri huko treni ya kwenda Ulaya. Kwenye mpaka wa Uswisi maofisa wakamzuia kwanza kwa sababu sheria yao haikuruhusu kumpokea mtu mwenye wake wengi. Kiongozi aliyekuwa akitajwa katika hotuba za Ijumaa ya juzi yake tu akawa anajieleza kwa karani wa uhamiaji kuhusu idadi ya wake zake.

Ni rahisi kusoma habari hiyo ukaona ukatili mtupu. Lakini watawala wa Ankara hawakuwa wakiota majinamizi. Miaka minne nyuma serikali ya sultani mwenyewe ilikuwa imetia saini Mkataba wa Sèvres, uliogawa nchi vipande vipande, na mahakama ya kijeshi ya Istanbul ilikuwa imemhukumu kifo Mustafa Kemal, kiongozi wa Ankara aliyekuja kuitwa Atatürk, huku mufti mkuu akitoa fatwa dhidi ya wapiganaji wake. Novemba 1922, usultani ulipofutwa, Sultan Mehmed VI aliondoka Istanbul ndani ya manowari ya Uingereza, HMS Malaya, yaani kwa hisani ya jeshi lililokuwa likiukalia mji wake. Mwaka uliofuata Aga Khan na Ameer Ali, viongozi wawili wa Waislamu wa India, waliandika barua kutoka London kutetea heshima ya khalifa, nayo ikachapishwa na magazeti ya Istanbul kabla serikali haijaisoma. Kwa Ankara, huo ulikuwa ushahidi kwamba ukhalifa ni mpini ambao mgeni yeyote angeweza kuushika. Na Februari 1925, chini ya mwaka mmoja baada ya kufukuzwa kwao, Sheikh Said akaanzisha uasi mashariki mwa nchi akidai pamoja na mengine kurudishwa kwa ukhalifa. Anayesema kwamba jamhuri changa ingeweza kumwacha khalifa akae Dolmabahçe kama mstaafu wa kawaida anaudharau ukweli wa miaka ile.

Hoja hiyo, hata hivyo, inamhusu khalifa na wanaume waliokuwa karibu na kiti. Haimhusu Neslişah, mjukuu wa khalifa, aliyekuwa na miaka mitatu siku ile. Katika ukoo wa Osman kiti kilimwendea mwanamume aliyewazidi wote umri. Mwanamke hakurithi kabisa, wala mtoto wa binti wa sultani. Bunge lililijua hilo, na bado likawafukuza wote. Hapa ndipo ninapoachana na watetezi wa sheria ile. Ukimwondoa mtu kwa sababu ni hatari, unatakiwa uweze kuonyesha hatari yake. Ukimwondoa kwa sababu ya damu tu, umekubali ile imani ya kifalme kwamba damu ina nguvu ya pekee, imani ambayo jamhuri iliundwa kuikataa.

Halafu sheria haikuwa na kikomo. Wanawake walisubiri miaka 28, hadi Juni 1952, chini ya serikali ya waziri mkuu Menderes. Wanaume walisubiri miaka 50 kamili, hadi msamaha wa jumla wa mwaka 1974. Katikati hapo dunia iliona vita kuu nyingine, Uturuki ikapata uchaguzi wa vyama vingi, Atatürk mwenyewe akafariki (ndani ya Dolmabahçe, mwaka 1938), na hakuna jaribio hata moja la maana la kumrudisha sultani lililotoka ndani ya ukoo huo. Hofu ya mwaka 1924 ilikuwa na sababu. Ya mwaka 1960 ilikuwa mazoea.

Maisha yao ya ugenini yalikuwa ya kila namna, na si vizuri kuyapaka rangi moja ya huzuni. Wapo waliooa na kuolewa vizuri: Novemba 1931 binti wa khalifa, Durrushehvar, na jamaa yake Niloufer waliolewa mjini Nice na wana wawili wa Nizam, mtawala wa Hyderabad kule India, aliyekuwa akitajwa kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa duniani. Neslişah naye aliolewa na mwana wa khedive (mtawala) wa mwisho wa Misri, akajikuta akipinduliwa mara ya pili wanajeshi walipochukua nchi ile mwaka 1952. Kwa upande mwingine, Mehmed VI alipofariki San Remo mwaka 1926, wafanyabiashara aliokuwa akidaiwa waliweka zuio hata juu ya jeneza. Ndugu zake walihangaika kwanza ndipo akapelekwa kuzikwa Damascus. Mehmed Orhan, aliyekuwa mkuu wa ukoo hadi mwaka 1994, alipitia udereva na kazi nyingine za kijungujiko, ukiwamo ulinzi wa makaburi ya wanajeshi wa Marekani jijini Paris. Khalifa wa mwisho alifariki Paris Agosti 1944. Binti yake aliiomba Uturuki imruhusu amzike kwao, akakataliwa. Maiti ikahifadhiwa katika Msikiti Mkuu wa Paris kwa takriban miaka kumi, hadi Saudi Arabia ilipokubali azikwe Madina mwaka 1954. Mimi siioni sababu ya usalama wa nchi inayoweza kutetea kumnyima maiti kaburi.

Nchi nyingine zilijaribu njia tofauti. Austria ilipitisha Sheria ya Habsburg, ukoo wake wa kifalme, mwaka 1919: ukoo ufukuzwe, isipokuwa atakayekana haki zote za kiti na kukubali kuwa raia mtiifu wa jamhuri. Kwa haki ya mtu mmoja mmoja, hiyo ni bora kuliko sheria ya Ankara, kwa kuwa mlango ulikuwapo tangu siku ya kwanza. Otto von Habsburg, mwana wa mfalme wa mwisho, alitia saini mwaka 1961. Hata hivyo hakuingia nchini hadi mwaka 1966, kwa kuwa saini yake iligeuka mgogoro uliotikisa serikali ya mseto, wasoshalisti hawakumwamini. Baadaye akawa mbunge wa Bunge la Ulaya kwa miaka 20, akichaguliwa kutoka Bavaria, akafa mwaka 2011 na kuzikwa Vienna pamoja na wazee wake. Uturuki ilimfungia kila mtu, kisha muda ulipopita ikafungua bila kumdai yeyote kiapo. Ukiniuliza, Austria ilianza vizuri zaidi na Uturuki ikamaliza vizuri zaidi, maana kumdai mtu aikane nasaba ndipo akanyage kwao ni kumfanya raia wa daraja la pili.

Anayebeza hofu hizi aitazame Bulgaria. Mfalme Simeon II alitolewa nchini mwaka 1946 akiwa na miaka tisa. Akarudi mwaka 1996 kwa shangwe, na mwaka 2001 chama alichokiunda miezi michache kabla ya uchaguzi kikanyakua viti 120 kati ya 240. Akawa waziri mkuu. Hakurudisha ufalme, na alipomaliza muhula aliondoka kwa kura kama alivyoingia. Kilichobaki ni mashamba, misitu na majumba aliyorudishiwa, ambayo dola na yeye wameburuzana juu yake mahakamani miaka na miaka. Jina kubwa linaweza kuvuna kura, na anayerudi kama raia anaweza kuja na orodha ya hati za nyumba mfukoni.

Kwetu, mfano unaokuja haraka akilini ni wa Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar, aliyeondoka kwa jahazi la kifalme siku ya Mapinduzi ya Januari 1964 na kuishi Uingereza kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 2020 aliruhusiwa kuhamia Oman, asili ya ukoo wake, na akafia huko Desemba 2024. Alichorejea ni nchi ya mababu. Unguja aliyozaliwa na kutawala haikuwa sehemu ya safari hiyo. Hilo lina uzito wake Visiwani na halifanani na la Uturuki kwa kila kitu, kwa kuwa pale suala la sultani limefungamana na ardhi, utumwa na rangi kwa namna ambayo Istanbul haikuwa nayo.

Turudi kwenye mali, maana hapo ndipo mambo yanaponata. Watetezi wa ukoo husema: sheria ya 1924 iliwataka wauze mali zao ndani ya mwaka, wakiwa tayari wamefukuzwa, kwa wanunuzi waliojua kwamba muuzaji hana pa kushika. Huko si kuuza. Ni kweli, na mwenye nyumba yake ya kawaida aliyoinunua au kurithi kwa mama yake ana madai ya kusikilizwa. Lakini sehemu kubwa ya madai yanayovuma ni ya aina nyingine. Abdülhamid II alisajili kwa jina lake mwenyewe ardhi nyingi sana, ikiwamo ya eneo la Mosul ambalo baadaye lilionekana kuwa na mafuta. Baada ya kupinduliwa kwake, ardhi hizo zikahamishiwa hazina ya dola, na warithi wake wakatumia miongo mingi wakizidai. Swali ni je, mtawala asiye na wa kumhoji akijiandikia ardhi kwa amri yake mwenyewe, hiyo ni mali binafsi? Mahakimu wanaweza kubishana kuhusu mihuri na tarehe, lakini mimi siwezi kuiita mali ya mtu kitu kilichopatikana kwa kalamu ya serikali na kulindwa kwa askari wa serikali. Kasri nazo ni wazi zaidi. Dolmabahçe, lenye vyumba 285, lilijengwa kwa fedha za dola zilizokuja kuitumbukiza kwenye madeni. Topkapı, kasri la kale la masultani, iliamriwa kuwa makumbusho Aprili 1924, mwezi mmoja tu baada ya ukoo kuondoka, na leo mwananchi yeyote hukata tiketi akaingia.

Ertuğrul Osman alilielewa hilo vizuri kuliko baadhi ya wanaomtetea. Alipoalikwa na serikali kurudi kwa mara ya kwanza mwaka 1992, alikwenda Dolmabahçe, alikokuwa akicheza utotoni, na akataka apitishwe pamoja na kundi la watalii kama mgeni mwingine. Hakudai chumba hata kimoja. Kwa miaka mingi alikuwa amekataa pasipoti ya nchi nyingine, akisafiri kwa hati aliyotengenezewa na mwanasheria wake, hadi ukaguzi ulipobanwa baada ya mashambulizi ya Septemba 2001. Aliposema hana tamaa ya kiti, maisha yake yalimuunga mkono.

Waliokuja baada yake hawakulelewa katika ukimya huo. Katika kura ya maoni ya mwaka 2017, iliyompa rais madaraka makubwa zaidi, mmoja wa wazao alijitokeza hadharani kuunga mkono mabadiliko na kulaumu mfumo wa bunge, na wakati huohuo akazungumzia mali za familia. Wapinzani walikasirika: anatumia jina la babu kuvunja jamhuri. Nadhani walimlenga mtu asiye sahihi. Raia ana haki ya kuunga mkono upande wowote, na jina lake halimpunguzii haki hiyo. Wa kuulizwa ni wanasiasa wanaowapandisha wazao hawa jukwaani, wanaoagiza tamthilia za televisheni za kumsafisha Abdülhamid, na ambao jumba la Vahdettin (yaani Mehmed VI) kule Çengelköy, Istanbul, limejengwa upya na kuwa la matumizi ya serikali yao. Wazao wenyewe hawakupewa ufunguo wa jumba hilo. Wamebaki na jina tu, na jina ndilo linalotafutwa kipindi cha kampeni.