Wagonjwa wahojiwe wakitoka, si wakiwa kwenye foleni

Nimesoma habari yenye picha kuhusu vijana wa kujitolea waliokwenda kukagua huduma kwenye kliniki ya wagonjwa wa nje; inasema karibu wagonjwa wote waliohojiwa "wameridhika". Sishangai, maana picha inaonyesha wanahojiwa kwenye benchi, hatua mbili kutoka kwa muuguzi, hawajamwona hata daktari. Anayesubiri kuitwa atasema nini? Wahojiwe getini, baada ya dirisha la dawa, pasiwe na mtumishi karibu, na lile swali la "umeridhika?" lifutwe kabisa: uliza amefika saa ngapi, ameandikiwa dawa ngapi, amepata ngapi, na kama ni mzee wa miaka 60 au mama mwenye mtoto chini ya miaka 5, ametozwa nini. Upande wa mazingira, fungua bomba uone maji, jaribu komeo la choo kwa ndani. Kwenye friji ya chanjo soma kipimajoto mwenyewe (inatakiwa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi), kisha tazama chati: ukikuta vipimo vya jioni vimeshajazwa asubuhi, kwa kalamu ileile, karatasi hiyo haina kazi. Na ufunguo wa sanduku la maoni ukikaa kwa mganga mfawidhi (mkuu wa kituo) peke yake, malalamiko ya maana hayataingia humo. Kwenu sanduku hilo hufunguliwa mbele ya nani?