Geuza Picha, Tazama Mgongo Wake

Mtu akionyeshwa picha ya zamani ya nyota wa sinema, mara nyingi swali lake la kwanza ni kama ina saini. Naona swali hilo tumelipa uzito kupita kiasi. Mashabiki waliomwandikia Jean Harlow, nyota wa Hollywood wa miaka ya 1930, wengi walipata picha zilizosainiwa na mama yake, na kwenye studio makarani walisaini kwa niaba ya nyota wengine chungu nzima. Leo watu wanagombania wino huo, huku picha nzuri isiyo na saini ikiachwa mezani.

Wakati kazi yenyewe ni ya ajabu! Katika miaka ya 1920 na 1930, wapigapicha wa Hollywood walitumia kamera kubwa zenye negativu (filamu ambayo weupe huonekana mweusi na weusi mweupe) za inchi 8 kwa 10. Negativu ililazwa moja kwa moja juu ya karatasi, ikasafishwa picha ya ukubwa uleule bila kukuzwa. Ndiyo maana nakala ya wakati ule ukiitazama kwa kioo cha kukuzia unahesabu kope mojamoja, na hata nyuzi za kitambaa unaziona. Kabla ya hapo kulikuwa na fundi aliyeinamia negativu na penseli iliyochongwa sana, akifuta mikunjo na madoa. Nyota Joan Crawford alikuwa na madoadoa usoni na mabegani. Ipo picha yake aliyopigwa na mpigapicha George Hurrell kabla ya marekebisho, na ipo iliyokwisha kupita kwa fundi. Ukiziweka pamoja unaelewa ile ngozi ya marumaru ilitoka wapi. Mimi naipenda zaidi ile yenye madoadoa.

Fundi huyo hatajwi. Hata wapigapicha wenyewe wanasahaulika: Ruth Harriet Louise alipewa studio ya picha ya MGM, kampuni kubwa ya filamu ya Hollywood, mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka 22, akampiga picha nyota Greta Garbo mara nyingi, lakini picha hizo zinauzwa kwa jina la Garbo tu.

Jina la mpigapicha, likiwepo, mara nyingi liko nyuma. Huko utakuta muhuri wake, tarehe ya gazeti lililoitumia, pengine na kikaratasi kilichobandikwa chenye jina la filamu. Mgongo husaidia pia kujua umri. Karatasi yenye ganda la plastiki ilienea miaka ya 1970, kwa hiyo picha "ya 1932" iliyo juu ya karatasi hiyo ni nakala ya baadaye. Taa ya urujuanimno (ultraviolet) nayo inafaa: karatasi ikiwaka buluu kali, ina kemikali za kung'arisha ambazo watengenezaji walianza kuzitumia miaka ya 1950. Kutowaka peke yake hakuthibitishi kitu, maana si karatasi zote za baadaye zilitiwa kemikali hizo.

Kinachoniudhi ni wauzaji wanaobandika picha hizi kwa gundi kwenye kadibodi ili zikae vizuri kwenye fremu. Muhuri unapotea, na kadibodi ya bei rahisi ina asidi inayoila karatasi taratibu. Wengine wanakwangua vile vikaratasi wakidhani ni uchafu! Muuzaji asiyetaka kunionyesha upande wa nyuma, sinunui kwake, hata nyota awe nani.