Kikombe cha Babu na hoja tulizoziamini

Mwaka 2011 barabara ya vumbi iendayo kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, ilijaa mabasi, magari ya wagonjwa na mashangingi ya wakubwa, yote yakiwa kwenye foleni ya kilomita nyingi kwa ajili ya kikombe kimoja cha dawa cha shilingi 500. Aliyekitoa alikuwa Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri ambaye nchi nzima ilimwita Babu, na ambaye alisema kwamba alioteshwa na Mungu dawa hiyo ya kuponya magonjwa sugu kama pumu na UKIMWI. Simhukumu marehemu. Kinachonishughulisha ni hoja tulizozijenga sisi wenyewe, kwa sababu hoja hizo hizo tunazitumia hadi leo kila tunapobishana kuhusu chanjo au tiba mpya.

Hoja iliyotawala ilikuwa hii: "Nilikunywa, nikapata nafuu, kwa hiyo kikombe kinaponya." Kosa lake ni kudhani kwamba jambo likitangulia jingine, basi ndilo lililolisababisha. Pumu hubana na kuachia, maumivu hupanda na kushuka, na mgonjwa kwa kawaida hufunga safari ndefu pale anapokuwa amezidiwa, kiasi kwamba hata asingekunywa chochote huenda wiki zilizofuata zingekuwa na unafuu kidogo. Kwa aliyeishi na VVU hatari ilikuwa kubwa zaidi, maana nguvu aliyokuwa nayo aliipata kwa dawa za kufubaza virusi alizokuwa akimeza, na akiziacha baada ya kikombe, virusi huanza kuongezeka tena ndani ya wiki chache wakati yeye mwenyewe bado anajisikia mzima. Katika kipindi hicho alitoa ushuhuda kwa moyo safi kabisa, na ushuhuda huo ukampandisha jirani yake kwenye basi. Waliofia njiani au nyumbani hawakupata nafasi ya kushuhudia, hivyo tukawasikia waliobaki peke yao.

Swali linalolifichua kosa hili ni moja: asingekunywa, hali yake ingekuwaje? Anayetumia hoja hiyo bila kuwa na jibu hajathibitisha chochote, hata kama hadanganyi.

Hoja nyingine zilikuja kuipa nguvu ile ya kwanza. Tuliambiwa kwamba umati wote ule hauwezi kukosea, ilhali wengi walifuata umati uliotangulia. Tukaambiwa kwamba hata viongozi wa serikali walikunywa, kana kwamba cheo cha siasa kinampa mtu ujuzi wa tiba. Na daktari aliyehoji akaambiwa ana imani haba, jambo ambalo, hata lingekuwa kweli, halijibu hoja yake.

Lakini haki itendeke pande zote mbili. Waliompuuza Babu kwa sababu tu alikuwa mzee wa kijijini asiye na shahada ya udaktari walifanya kosa lile lile la kumpima msemaji na kuiacha hoja yake. Mti wa mugariga alioutumia ulikuwa ukijulikana katika tiba za asili, na swali la kama unasaidia lilistahili kujibiwa kwa kuwalinganisha waliokunywa na wasiokunywa, wenye ugonjwa uleule, wakipimwa kwa vipimo vilevile kwa miezi kadhaa, kabla ya mgonjwa yeyote kuacha vidonge vyake.