Mioyo Mitatu, na Bado Kafa

Mimi ni mtu wa riwaya za upelelezi. Ukurasa wa kwanza maiti, wa mwisho pingu, katikati namshuku kila mtu hadi aliyewaita polisi. Nimeishi hivyo miaka yote na sijamdhuru kiumbe. Juzi mpwa wangu, yule anayesoma hata karatasi ya maelezo ya dawa, akaikagua rafu yangu akasema, "Mjomba, mbona umesoma kitabu kimoja mara sabini?" Nikapandwa na mori. Kufumba na kufumbua nimeshakubali: vitabu vitatu, mwezi mmoja, upelelezi marufuku. Mdomo huu utaniponza.

Cha kwanza mashairi. Nilijua nitakimaliza kwa kikao kimoja, maana nusu ya kila ukurasa ni nyeupe. Wapi! Shairi lina sheria kuliko mahakama. Mshororo mizani 16, nane huku, nane kule, na vina vilingane kati na mwisho. Mimi sipokei ushahidi bila kuuhakiki, nikahesabu kwa vidole. Vidole vikaisha mshororo ukingali unaendelea, nikavua soksi. Halafu eti "mtu" ni mizani mbili! Hiyo "m" inahesabiwa peke yake, imejitenga kama mpangaji aliyenuniana na mwenye nyumba. Kufika ubeti wa nne hesabu zote ninazo, ila mshairi analia nini, sijui. Nikarudia, safari hii vidole nimevikalia. Kumbe kaachwa, masikini. Na dalili zote zilikuwa ubeti wa kwanza.

Cha pili tawasifu. Mtuhumiwa, shahidi na hakimu ni mtu mmoja. Unategemea hukumu gani hapo? Tupite.

Cha tatu kilihusu pweza. Nilikifungua kwa shingo upande, saa za usiku, nikitafuta usingizi. Mnyama ana mioyo mitatu: miwili ya kupeleka damu kwenye matamvua, mmoja wa mwili mzima. Damu yenyewe ya bluu, kwa sababu ya shaba. Nikasema sawa, na mimi inanihusu nini? Nikafungua ukurasa wa pili: dume akishampanda jike, baada ya muda anakufa. Nikakaa kitako. Jike naye anataga, anayalinda mayai, hali chakula, na yakianguliwa anakufa. Maiti mbili, nyumba moja, na hakuna aliyevunja mlango! Usingizi ukaruka. Nikamshuku papa. Nikamshuku mwandishi. Mpaka nikafika mwaka 1977, mtafiti Jerome Wodinsky anachukua pweza majike wanaoatamia mayai, anawatoa tezi fulani zilizo karibu na macho. Wakayaacha mayai, wakarudi kula, wakaishi zaidi.

"Muuaji alikuwa ndani!" nikapiga kelele, nimesimama juu ya kitanda. "Muda wote alikuwa ndani!"

Mpwa wangu akaingia mbio, kidole mbele. "Nilijua tu, Mjomba! Unasoma upelelezi kwa siri!"

Nikamwonyesha jalada. Pweza huyo, mikono minane. Akalisoma mara mbili, akanywea, akaniomba radhi kwa adabu zote. Nikaipokea taratibu, kama mtu mzima aliyeonewa. Tatizo la mtoto huyu ni huruma. Akasema, "Ngoja basi nikutengenezee kitanda, Mjomba, ulale vizuri," akauinua mto, na hapo ndipo nikakumbuka kilichokuwa chini yake.