Kosa namba 13 na mazoea ya chmod 777

Tarehe 19 jioni, kwenye ofisi ya uhasibu iliyo ghorofani Kariakoo, hakuna anayetaka kusikia habari za usalama wa seva. Ritani za VAT zinatakiwa TRA kesho yake, folda ya pamoja imegoma, na kompyuta ya Linux inarudisha kosa namba 13: ruhusa imekataliwa. Fundi akija akapiga kwenye seva chmod 777, amri inayompa kila mtu ruhusa ya kusoma na kuandika, kazi ikaendelea, atalipwa na kushukuriwa. Nimewahi kukaa kwenye ofisi ya namna hiyo na simbezi fundi huyo. Hasara ya faili lisilofunguka usiku ule inahesabika. Hatari ya folda iliyoachwa wazi haina tarehe. Tena husemwa: tuko watu saba, tunajuana, makufuli ya nini?

Hoja ya haraka naikubali. Ninachobisha ni kwamba 777 mara nyingi haifiki hata kwenye mlango uliofungwa, kwa sababu namba hiyo hiyo 13 hutoka kwenye milango zaidi ya mmoja.

Samba, programu inayoiwezesha seva ya Linux kugawa folda kwa njia ya Windows, ina daftari lake la nywila, linalojazwa kwa amri ya smbpasswd, mbali na nywila ya kuingilia kwenye seva yenyewe. Mtu anaweza kuwa na akaunti kwenye seva na Samba isimtambue. Huyo hata ukimfungulia diski nzima atakataliwa. Akitambuliwa, bado ruhusa za Samba na ruhusa za faili kwenye diski lazima zikubaliane. Hapa ndipo 777 inaposaidia, na inafungua nusu tu. Halafu kuna mlango ulio kwenye kompyuta ya mtumiaji mwenyewe, ambao ndio unaosahaulika kuliko yote. Root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, akiunganisha folda ya namna hiyo kwa cifs (njia ya Linux ya kufikia folda za Windows na Samba) bila kutaja uid na gid, yaani namba ya mtumiaji na ya kundi lake, kwa kawaida faili zote huonekana ni mali ya root. Mhasibu anaziona, anazisoma, haandiki. Unaweza kuhangaika na seva mpaka asubuhi, kumbe dawa ni kuongeza uid=1000 kwenye mstari wa kuunganisha, kama hiyo ndiyo namba yake.

Kwenye NFS, njia nyingine ya kugawa folda kati ya mashine za Linux, mambo ni mazito zaidi. Kwa mpangilio wake wa kawaida seva huamini namba ya mtumiaji inayoletwa, haiulizi jina. Asha akiwa 1000 kwenye mashine yake na Juma 1000 kwenye yake, kwa seva hao ni mtu mmoja. Kinga iliyopo ni root_squash, inayomgeuza root mgeni kuwa mtu asiye na cheo, kwa kawaida namba 65534. Fundi anayeweka no_root_squash ili kosa liondoke anaiondoa kinga hiyo: kompyuta yoyote inayoruhusiwa kuunganisha, mwenye root juu yake ni root juu ya faili za seva.

Na zile faili si za watu saba wanaojuana. Ni mishahara na namba za simu za wafanyakazi wa wateja, watu wasiokuwemo chumbani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu hao.

Hata hivyo wenye msimamo mkali nao huzidisha. Kuitaka ofisi hii iweke Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji kwa tiketi za muda, ni kuitwika mzigo wa benki. Kerberos kwa kawaida haivumilii saa zikipishana zaidi ya dakika tano, na mashine kuukuu iliyokufa betri ya ubao mama hupoteza saa kila umeme unapokatika. Kesho yake ofisi nzima imefungiwa nje, na fundi yuko Mbagala.

Mimi nachagua kundi moja la wahasibu, folda yenye 2770 (mwenye folda na kundi tu ndio huingia, na faili mpya hubaki za kundi), na nywila ya kuunganishia ndani ya faili lenye 600, linalosomwa na mwenyewe tu. Kabla ya hapo, dmesg, yaani kumbukumbu za mfumo kwenye kompyuta ya mtumiaji, isomwe: kama seva imekataa kuingia, humo huonekana. Hata 777 ina nafasi yake, kama kipimo cha dakika mbili kwenye folda tupu ya majaribio: ikikataa bado, kosa haliko kwenye ruhusa za folda hiyo. Isipigwe tu kwa -R, inayogusa kila kilichomo ndani, juu ya folda ya kazi, kwa maana -R hufuta ruhusa za awali za kila faili, na hakuna amri inayozikumbuka.